Dawa Iliyoishia Mashavuni

Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma. Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa cha sista, muuguzi wa wodi ya watoto anayeishi nyumba ya pili. Upande mwingine nywele bado zilikuwa zimesimama.

"Usinigeuze jogoo aliyenyeshewa," sista alisema.

"Tulia, sista. Hapa watu huingia na vichwa, hutoka na sura."

Mlango ukasukumwa. Aliingia binti wa kinyozi, mwenye miaka tisa. Mtaa mzima unamwita Kiberenge, kwa mbio zake na kelele zake. Leo hakuwa na mbio wala kelele. Mabega yalipanda na kushuka. Kifua kilipiga mluzi. Mama yake alikuwa amemshika mkono.

"Baba Kiberenge, dawa! Amecheza mpira tena!"

"Nilisema nini mimi? Mpira basi! Basi kabisa!"

Kinyozi akachomoa inhela kwenye droo, kile kikopo kidogo cha dawa ya pumu. Akasimama mbele ya mtoto, akanyoosha mkono. Pss! Pss! Pss! Hivyohivyo ndivyo anavyowanyunyizia wateja maji kichwani. Dawa ikatua mashavuni, puani na kwenye kioo.

Sista aliruka kutoka kitini, shuka la kunyolea likipepea mgongoni.

"Kaka! Unamtibu mtoto au unamwagilia maua?"

"Ndivyo tunavyompa siku zote. Hii dawa ni maji matupu. Nilitaka kuitupa."

"Dawa ni nzima, ila haijawahi kufika! Ugonjwa uko kifuani, wewe unapaka uso. Nipe ile chupa ya maji uliyomaliza kunywa sasa hivi. Na mkasi! Mama Kiberenge, mkalishe wima, usimlaze."

Sista alitoboa tundu kwenye kitako cha chupa. Akaingiza mdomo wa inhela, ukabana vizuri. Akazungushia utepe wa gundi, hewa isivuje. Kisha akatikisa.

"Kiberenge wangu, toa pumzi. Haya, bana mdomo wa chupa kwa midomo yako. Nabonyeza mara moja tu. Vuta taratibu. Toa humohumo. Vuta tena."

Mtoto alivuta na kutoa mara sita. Sista akatikisa tena, akabonyeza tena. Mashine ya kunyolea iliendelea kunguruma yenyewe juu ya kiti.

Mluzi ukapungua. Mabega yakashuka.

"Baba," Kiberenge alisema, "mbona sista ana nywele nusu?"

"Ameongea!" mama alipiga kelele. "Sentensi nzima! Tena ya umbea!"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Sista ndiye aliyetangulia kuacha kucheka.

"Furaha baadaye. Sasa hospitali. Mtoto akishindwa kuongea, au midomo ikiwa ya buluu, hamngoji hata kidogo. Mnakimbia, na dawa mnampa hivi njiani."

Wakaondoka wote, sista na nusu kichwa chake. Watu waligeuka kumtazama, naye akawapungia mkono.

Hospitalini daktari alimvalisha mtoto barakoa yenye mrija mrefu. Mashine ndogo ikavuma. Ukungu mweupe ukatoka.

"Mnampa moshi?" kinyozi alishtuka.

"Si moshi, kaka," sista alisema. "Ni dawa ya maji, imevunjwavunjwa ikawa matone madogo kuliko vumbi. Ndiyo yanayopenya hadi ndani ya mapafu. Chupa yetu nayo inashikilia ukungu wa inhela, mtoto auvute kwa pumzi yake mwenyewe."

"Na mimi ninayemfunika juu ya sufuria ya maji moto?" mama aliuliza.

"Acha, dada. Ule mvuke hauna dawa ya pumu, na wodini kwetu wapo watoto walioungua kwa sufuria hizo."

Daktari aliwapa kopo maalumu la kuvutia dawa. Aliongeza inhela ya pili, ya kuvuta kila siku hata mtoto akiwa mzima, kisha asukutue mdomo. Kinyozi aliambiwa aoneshe mwenyewe. Alikosea, akarudia, akapatia. Mkewe akampigia makofi kama bwana harusi.

"Na mpira?" Kiberenge aliuliza kwa sauti ndogo.

Kinyozi alimtazama daktari.

"Acheze," daktari alisema. "Akitumia dawa ipasavyo, acheze na wenzake."

Kila asubuhi baba na binti walishughulikia ile inhela ya kila siku: mmoja alibonyeza, mwingine alivuta. Kifua kikatulia. Siku ya mechi ya shule, kinyozi alifunga duka mapema. Kiberenge aliuchukua mpira nyuma kabisa, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akaupiga wavuni. Hakusimama kupumzika. Aliendelea kukimbia hadi alipo baba yake, akamrukia.

Kinyozi alifungua kinywa amsifu. Hakuna kilichotoka. Sauti yote ilikuwa imemwishia kwa kushangilia.