Mlango Katika Picha ya Kumi na Mbili

Picha ya kumi na mbili ilikuwa na mlango ambao haukuwa wa nyumba ya mpiga picha.

Jumapili moja alasiri, mpiga picha alikuwa amezitandaza mezani picha za safari yake, kumi na mbili za mraba, kwa kuwa filamu pana ya kamera yake haitoi zaidi. Rafiki yake aitwaye Lenzi, msafishaji wa filamu zake zote, alizisifu moja moja: daraja, ukungu, mabati ya kituo cha treni. Alipoifikia ya mwisho akacheka.

"Hapa ulilala, bwana. Umepiga huko, hukuzungusha filamu, ukaja kupiga tena hapa nyumbani. Picha mbili zimelaliana."

Kweli. Kidoti, binti wa miaka sita, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha sebuleni, na juu yake umelala mlango wa jumba bovu. Mlangoni alisimama mtu mrefu, mkono umetua kwenye egemeo la kiti cha mtoto.

"Huyu nani?" mke wa mpiga picha aliuliza.

"Kivuli tu," mumewe alijibu.

"Kivuli kina kucha?"

Tangu siku hiyo sebule ikanuka chokaa mbichi. Adhuhuri, bawaba ililia ukutani pasipo mlango. Kidoti akawa anakula amesimama.

"Mbona huketi, mwanangu?"

"Kuna mtu, mama. Anasema hapa ni kwake."

Hasira ya mama iliitangulia hofu. Alimfuata mumewe hadi chumba cha giza, akawasha taa bila kujali karatasi za picha zitakazoungua kwa mwanga.

"Sema kweli, au kamera hii naitwanga. Nani alikukataza kuupiga mlango huo?"

Akakiri kwa sauti ndogo. Mlinzi wa jumba alimwambia apige kuta apendavyo, ila mlango auache. Yeye akangoja mlinzi ageuke.

"Ukajiona mjanja. Mtu mzima na ndevu zako, unaiba mlango wa wenyewe, unamwekea mwanangu mgongoni. Chukua picha yako, mrudishe huyo mgeni ulikomtoa."

Mume aliondoka alfajiri na picha na kamera yake, akarejea siku ya tatu, akampa Lenzi kamera na filamu. Harufu ya chokaa ilikuwa imekwisha sebuleni. Sasa ilitoka kwenye shati lake. Na yeye aliyeweza kuzungumzia wingu moja tangu chai hadi chakula cha mchana hakuuliza tena habari za picha, hakumwita binti yake, bali alikwenda kukaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yamepanda hadi kidevuni, akautazama ukuta kwa utulivu wa mwenye nyumba aliyerejea kwake baada ya wapangaji kumsumbua miaka mingi, huku kucha zake, alizokuwa akizikata kila Ijumaa, zikikwaruza mbao taratibu, taratibu.

Lenzi alikuja kesho yake, akabaki barazani na bahasha, kamera ikining'inia shingoni.

"Shemeji," alinong'ona, "jamaa alikwenda na nani?"

"Peke yake."

"Basi picha hii yake nani kaipiga?"

Kwenye picha aliyoitoa bahashani ulikuwa mlango uleule. Ndani yake alisimama mumewe, kinywa wazi, viganja vimebanwa kwenye hewa kama mtu aliye nyuma ya kioo.

Mwanamke aliirudisha bahashani.

"Nilimwambia amrudishe mgeni," alisema, "sikumwambia wabadilishane. Kamera ina filamu?"

"Mpya. Nimeiweka asubuhi."

Akaichukua, akaingia sebuleni, akainamisha kichwa juu ya kioo cha kulengea cha kamera. Ndani ya kioo, kitini, hapakuwa na mumewe. Alikuwapo yule mrefu, amejikunja, anamtazama.

"Mama Kidoti," ikasema sauti ya mumewe, "weka hiyo chini."

"Tulia hivyohivyo. Usitikisike."

Akabonyeza. Lenzi, kwa mazoea ya kazi, akanyoosha mkono azungushe filamu. Mwanamke akampiga kofi mkononi.

"Usiiguse. Ikae hapohapo ilipo." Akavaa viatu. "Mchukue mtoto kwako, shemeji. Nakwenda kuupiga ule mlango juu ya huyu, arudi ndani, mume wangu atoke."

Nyuma yao, kwa mara ya kwanza, kucha zilinyamaza.