Sentensi ya Tatu Kwenye Kadi ya Mto

"Hii sentensi ya tatu umeitoa wapi?"

Mama Mhariri, mkuu wa chumba cha kamusi, alikuwa ameshika kadi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota unywele kwenye chakula. Binti M akainua kichwa. Ofisini walimwita hivyo kwa sababu tangu aajiriwe alipewa herufi moja tu, nayo ni hiyo.

"Kadi ipi, mama?"

"Ya mlango wa mto. Isome mwenyewe."

Akaisoma. "Jumamosi hii saa nne asubuhi nitakungoja mlangoni pa mto, nina neno nataka kukwambia."

"Nani kaisema?"

"Yule mpimaji ramani aliyelalamika kwamba tumekosea."

Malalamiko yenyewe yalianza miezi miwili nyuma. Mpimaji, aliyekuwa amepiga kambi pwani kupima mto, alifungua kamusi akakuta: mlango wa mto, mahali mto unapoishia baharini. Akapiga simu amefura.

"Dada, mto hauishii hapo. Maji yakijaa, bahari inaingia mtoni kwa mlango huohuo. Njoo ukae hapa siku moja uone."

"Basi nitumie mifano, kaka. Humu hakiingii kitu ambacho hakijasemwa na mtu."

Ndiyo sheria ya chumba kile. Kila mfano uwe umetoka kinywani mwa mtu kweli, na nyuma ya kadi aandikwe aliyesema na tarehe. Basi mpimaji akawa anapiga kila jioni. Siku mbili tatu walizungumzia mto, baada ya hapo wakazungumzia kila kitu isipokuwa mto. Mwisho akatuma sentensi tatu kwa mpigo.

"Na wewe ulimjibuje?" Mama Mhariri aliuliza.

Binti M akafungua simu. Sauti ikamshuka.

"Nilimjibu, 'Asante sana. Zote tatu nimezikubali.'"

Mama Mhariri akavua miwani.

"Mwanangu, umechumbiwa ukagonga muhuri."

Binti M akahesabu siku kwa vidole. Ilikuwa siku ya kumi na moja tangu Jumamosi ile, na simu za jioni zilikuwa zimekatika kabisa. Siku zote hizo alijiambia kuwa mwanamume mifano yake imekubaliwa, sasa ana shida gani naye? Akajikaza asimpigie, ila mara mbili aliingia stoo ya kadi za zamani akalia.

Sasa akampigia. Mara ya tatu ikapokelewa. Nyuma ya sauti vyuma vilikuwa vinapakiwa kwenye gari.

"Ni mimi."

"Najua. Namba yako nilijaribu kuifuta, nikashindwa."

"Ile Jumamosi..."

"Dada, usijisumbue. Nilikaa pale mpaka maji yakanifika magotini. Ungekataa ningeelewa. Lakini useme umekubali halafu usije, hapo uliniumiza."

"Nilidhani ni mfano."

"Mfano wa nini?"

"Wa neno. Niliuandika kwenye kadi. Jina lako liko nyuma, na tarehe."

Kicheko kikaanza mbali, kikapanda.

"Yaani moyo wangu umeufungia kabatini?"

"Kabati la M, droo ya nne."

"Wewe mwanamke wewe. Sikiliza. Kazi huku imekwisha. Gari linaondoka saa nane, naenda kupima mto mwingine, mbali. Miaka miwili."

"Usiondoke sijafika."

"Huku ni matope matupu."

"Nitayakanyaga."

Alipogeuka, Mama Mhariri alikuwa tayari kamshikia mkoba wake.

"Nenda. Herufi M haina miguu."

Alifika saa nane kasorobo, viatu mkononi. Mpimaji alikuwa amesimama ukingoni, suruali ameikunja, na wenzake juu ya gari wanamtania kwa sauti. Mbele yao maji ya kahawia ya mto yalikuwa yanarudishwa nyuma taratibu na maji ya kijani ya bahari.

"Kumbe kweli inaingia," alisema Binti M.

"Si nilikwambia?"

"Haya, lile neno lako niambie sasa. Taratibu, maana nimezoea kuandika."

"Nataka kukuoa. Sina mfano mwingine."

"Nimekubali. Safari hii mimi mwenyewe, si ofisi."

Dereva akapiga honi. Mpimaji akaangalia gari, akamwangalia yeye, furaha ikaanza kumpungua usoni.

"Na ile miaka miwili?"

"Kwani huko uendako watu hawaongei? Maneno yako kila mahali, na kadi zinabebeka."

Mpimaji akambeba juujuu, matope na yote, na juu ya gari wakapiga makofi.

Baada ya miezi minne, kwenye ukumbi wa harusi yao, zawadi zilipofunguliwa, moja ilikuwa bahasha nyembamba. Ndani kulikuwa na kadi ile. Maana ya zamani ilikuwa imekatwa kwa mstari, chini yake pameandikwa: mahali mto na bahari vinapokutana na kuingiliana. Binti M akaigeuza. Nyuma ya sentensi ya tatu Mama Mhariri alikuwa ameongeza kwa mkono wake, na muhuri juu:

"Imesemwa na bwana harusi. Imejibiwa na bibi harusi, kwa kuchelewa siku kumi na moja."