Utabiri wa Laptopu ya Kati

"Ya kati inakufa, Fundi, we fikiria tu, nani ata—"

"Nifikirie nini? Nyembamba ndiyo itakayo—"

"Nyembamba imeshapewa prosesa mpya, itakufaje tena?"

"Ngoja nimalize, we Redio. Ngoja—"

Hakuna aliyengoja. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, Fundi ana bisibisi, na katikati yetu alisimama mteja aliyekuja kununua waya wa chaji, anageuza shingo huku na huku kama anatazama mpira. Mwishowe aliurudisha waya mezani taratibu akaenda zake. Hatukumwona hata alipotoka.

Kila siku nikitoka shule nilipitia dukani kwa mama mdogo. Nilifagia, nikapangusa vumbi kwenye skrini, nikafanya kazi niliyopewa na mwalimu kwenye kona ya meza ya Fundi, halafu jioni mimi na mama mdogo tukafunga duka tukarudi nyumbani. Mama mdogo aliuza laptopu, Fundi alizitengeneza, mimi nilizisemea. Ndiyo maana Fundi aliniita Redio. Siku nikimchosha sana aliniita Redio Isiyozimwa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Laptopu tulizouza zilitoka kampuni moja, nazo zilikuwa za aina tatu: nyembamba, ya kati na nzito. Zote zilitumia prosesa ya namna moja, na prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Sasa kampuni ilikuwa imetangaza kwamba inahamia kwenye prosesa mpya, isiyopata joto sana wala kumaliza betri haraka. Nyembamba ilishatoka nayo. Kuhusu hizo mbili nyingine kampuni ilikaa kimya, na mimi nikiona kimya siwezi kukiacha hivihivi.

Nilimwambia Fundi kwamba watu walikuwa wakinunua ya kati kwa sababu ina nguvu kuliko nyembamba. Sasa nyembamba imepata nguvu hizohizo, tena ni nyepesi. Nani atabeba mzigo wa bure? Kampuni itaifuta ya kati, ibakize nyembamba na nzito tu. Fundi alisema nina akili ya kuku. Kwa maoni yake, ya kati ingepewa prosesa mpya ileile, na kwa kuwa ina feni ya kuipoza ingekimbia kutwa nzima bila kuchoka, mpaka nyembamba ionekane kichekesho. Kila mmoja alimwona mwenzake hajui kitu, na wote tulikuwa tunakisia tu.

Wiki hiyo mama mdogo alikuwa amesafiri kufuata mzigo. Paka akiondoka, panya hutawala. Nilichukua upande wa kadibodi nikaandika kwa herufi kubwa nyekundu: HABARI KAMILI! LAPTOPU YA KATI INAKUFA! BADILISHA MAPEMA!

Fundi aliitazama akaniuliza kama nilihudhuria mazishi yake. Basi nikaongeza pale chini kabisa, kwa penseli, herufi ndogo kama sisimizi: haya ni makisio yangu. Nikajiona mjanja. Nikaitundika mlangoni. Wapita njia walisoma wakacheka, na Fundi naye akacheka akaiacha.

Siku ya pili, Jumatano, akaja Mama Nyuzi.

Mama Nyuzi alikuwa na chumba cha kazi milango mitatu kutoka kwetu. Alitarizi nembo za shule kwenye sweta kwa mashine iliyounganishwa na laptopu, tena laptopu ya kati, kongwe kuliko miaka yangu ya shule. Alisimama mbele ya kadibodi muda mrefu. Nilimwamkia, akaitika, akauliza mbona watu wanacheka mlangoni kwetu, pale pamesemwa nini. Nikamsomea yale mekundu kwa sauti ya mtangazaji. Yale ya penseli niliyaruka.

"Una uhakika, mwanangu?" akauliza. "Ile laptopu ndiyo mkono wangu wa kulia."

Jibu la kweli lilikuwa fupi: sijui, nakisia. Lakini Fundi alikuwa ameinamia kazi yake huku masikio yakiwa kwetu, na mimi sikuwa tayari kushindwa mbele yake.

"Najua, mama," nikasema. "Asilimia mia."

Fundi akakohoa. Mimi nikakohoa kumzidi.

Ijumaa nilipotoka shule nilimkuta mama mdogo amerudi. Kwenye benchi la wateja alikaa Mama Nyuzi, amepakata laptopu nyembamba mpya, bado ina nailoni yake, kama mtu aliyeachiwa mtoto asiyemjua. Midomo yake ilikuwa mikavu. Alikuwa amekwenda kwa Spea, yule mzee wa nyuma ya soko anayepokea laptopu kuukuu na kutoa mpya kwa nyongeza kidogo, na jana yake walikuwa wamebadilishana.

"Programu ya kutarizi inakataa," alisema. "Nikiibonyeza inaniandikia kitu. Hebu nisomee, mwanangu."

Nikasoma: programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye prosesa ya kompyuta hii. Nikarudia kimoyomoyo, nikiomba maneno yabadilike. Hayakubadilika. Ile programu ilitengenezwa zamani, kwa prosesa ya zamani, na aliyeitengeneza alishaacha kazi hiyo. Mpya haikuielewa, ni kama umwite mtu kwa lugha asiyoijua.

Mama Nyuzi alieleza akiwa ameinama. Alikuwa na sweta mia mbili na nne za shule yetu. Zilizokamilika zilikuwa arobaini. Mwalimu mkuu angekuja Jumatatu asubuhi kuzichukua, na alishamwonya kwamba zikikosekana kazi ya mwaka mzima atampa mwingine. Mama Nyuzi hakuwa na kazi nyingine.

"Nani alikwambia ubadilishe?" mama mdogo akauliza.

Mama Nyuzi alitazama sakafu. Hakunitaja. Angenitaja ningepata la kubishia.

"Mimi," nikasema. Halafu ulimi wangu, ambao haujui kupumzika, ukaongeza: "Lakini niliandika pale chini kwamba ni makisio. Angesoma tu."

Mama Nyuzi aligeuza uso ukutani. Mama mdogo alikwenda mlangoni akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kadibodi. Aliposimama hakunigombeza. Aliing'oa, akaipasua vipande vinne, akatoa simu yake na kutusomea tangazo ambalo kampuni ilikuwa imelitoa asubuhi hiyohiyo. Laptopu ya kati ingeendelea kutengenezwa mwaka mzima, tena na prosesa ileile ya zamani, kwa sababu karakana na ofisi nyingi zilikuwa zimelalamika kwamba programu zao za kazi hazifunguki kwenye mpya.

Mimi nilisema itafutwa, Fundi alisema itapewa prosesa mpya. Katika kelele zetu zote hakuna aliyewafikiria watu wanaoitumia. Fundi alikaa bila kuangalia kama kiti kipo. Kilikuwepo nusu, akaenda chini nacho. Siku nyingine ningecheka mpaka kesho.

"Na mimi nilisikia Jumatano nikanyamaza," alisema kutoka pale chini. "Nilidhani hakuna anayemwamini Redio."

Tulikwenda kwa Spea mbio, Fundi mbele, mimi na Mama Nyuzi nyuma, laptopu mpya nimeikumbatia kifuani. Spea alikuwa anakunywa chai kati ya vilima vya skrini na feni.

"Ile ya jana?" akasema. "Nimeshaichinja."

Kibodi ilikuwa imeuzwa mchana. Skrini ilikuwa rundo hili, kasha rundo lile. Ubao wa ndani, wenye prosesa na kumbukumbu ya kazi zote za Mama Nyuzi, ulikuwa kwenye beseni pamoja na mbao nyingine nne zinazofanana kama mapacha, na fundi mwingine wa mjini alikuwa anakuja kuchukua beseni zima saa kumi na moja. Saa ya ukutani ilibakiza dakika kumi.

Spea hakuwa mtu mbaya. Alitazama uso wa Mama Nyuzi, akaitazama ile mpya na nailoni yake, akakubali warudishiane. Ila alisema kibodi hawezi kuitapika, na ubao upi ni upi yeye hakumbuki, tuchague wenyewe. Fundi alizigeuza zote tano, jasho likimtoka. Hakuona tofauti. Kuzijaribu moja moja kungechukua saa nzima.

Mimi sikuwa na la kusema, na labda ndiyo maana siku hiyo niliona. Kila ubao ulikuwa bado na feni yake ndogo pembeni. Feni nne zilikuwa na vumbi la kijivu. Ya tano ilikuwa imezibwa na kitu kama sufi, ya buluu na njano, iliyosokotana. Nilivuta kidogo kwa kucha. Zilikuwa nyuzi, buluu na njano za nembo ya shule yetu.

"Huu hapa," nikasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Nadhani. Fundi, uthibitishe."

Fundi alinitazama kwa mshangao, nadhani kwa lile neno nadhani. Akatoa kioo chake cha kukuzia maandishi, akasoma namba za ubao, akampigia simu mama mdogo azilinganishe na daftari letu la matengenezo, maana laptopu hiyo iliwahi kutengenezwa kwetu. Zililingana. Tulipokuwa tunatoka, yule fundi wa kuchukua beseni alikuwa anaingia.

Jioni ile Fundi aliunganisha skrini na kasha, na kesho yake asubuhi akachomeka kibodi ya nje kutoka dukani kwetu. Programu ilifunguka, mashine ikaguna, sindano ikaanza kucheza. Jumamosi na Jumapili nilikaa chini ya meza ya Mama Nyuzi nikikata ncha za nyuzi na kukunja sweta mpaka vidole vikafa ganzi. Hakunisema hata neno moja baya. Alinipa mkasi mzuri, akachukua butu yeye.

Jumatatu mwalimu mkuu alizichukua zote mia mbili na nne. Mchana nilipofika dukani niliwakuta wote watatu, mama mdogo, Fundi, na Mama Nyuzi aliyekuja kushukuru. Nilimwomba radhi mbele ya wote, bila kusingizia penseli. Mama mdogo akanivutia kiti.

"Kukisia si kosa, mwanangu," alisema. "Hata mimi nikiagiza mzigo nakisia. Mtabiri mzuri huonyesha hoja zake, na husema palepale asichokijua, kwa sauti ileile kubwa. Wewe ulilivika kisio lako nguo za ukweli, na ukweli ukauficha kwa herufi za sisimizi ili ukibanwa uwe na pa kutokea. Huo ni uongo wenye mlango wa nyuma. Ukiulizwa una uhakika na huna, sema huna. Utaonekana mdogo kwa dakika moja tu."

Nikasema nimesikia, na nilikuwa nimesikia kweli. Fundi naye, bila kuulizwa, akasema amesikia. Nilidhani mambo yameishia hapo, tukaanza kuinuka.

Mama Nyuzi hakuinuka.

"Kuna neno moja limenikaa," alisema taratibu, akiniangalia mimi. "Ulisema ningesoma tu."

Nikaanza kuomba radhi upya. Akainua mkono kunizuia.

"Jina la shule yenu nimelishona mara mia mbili na nne. Watu huniletea karatasi, nami nazifuata herufi kwa sura zake, moja baada ya moja. Kwenye mashine nafuata picha. Zinasema nini, sijui. Sijapata kujua hata siku moja."

Bisibisi ilimponyoka Fundi ikagonga sakafu. Mama mdogo aliyefanya naye biashara miaka tisa alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

"Kesho ukitoka shule, mwanangu," Mama Nyuzi akasema, "kabla hujaja hapa, pitia kwangu. Nifundishe kusoma."