Chetezo cha Khairiya

Rafiki yangu Muataz, mwenye duka la vitambaa mtaani Dunda, alizoea kufukizwa udi na mkewe kabla ya kila safari. Safari moja alimkatalia.

"Khairiya, niache bwana, nitaikosa ndege!"

Akamwacha mlangoni na chetezo chake mkononi. Alipotua Maskati alipokewa na habari ya msiba wa mkewe, na hakuwahi hata kumzika.

Juzi alisafiri tena, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Shati alilinunua uwanja wa ndege na kulivaa papo hapo, lingali na mikunjo ya dukani. Akaketi kwenye ukumbi wa kupumzikia abiria, mbele ya chai na sambusa asizozigusa. Ghafla umeme ukakatika. Gizani akasikia makaa yakialika, kisha bangili zikigongana, zikikizunguka kiti chake polepole.

"Nisamehe," akanong'ona.

Bangili zikanyamaza.

Taa ziliporudi, mhudumu aliyekuja kuondoa vyombo akacheka. "Baba, unanukia kama bwana harusi! Nani kakufukiza?"

Muataz akajipapasa shingoni. Kwenye kola ya shati palikuwa na jivu, bado lina moto.