Tabaruku ya Amisa

Mvua ya soko la Kasongo haina adabu. Haipigi hodi. Siku ile ilimshukia Amisa katikati ya wauza mawese na wauza samaki wa moshi, na jambo la kwanza alilofanya halikuwa kufunika kichwa. Alichomoa daftari kutoka mfukoni, akalisukuma ndani ya libaya, blauzi yake ya manjano, akajikumbatia kifua kwa mikono miwili na kukimbilia mlango wa kwanza uliokuwa wazi.

Ndani palikuwa na kompyuta moja, mashine moja ya kuchapa, betri mbili za sola, na kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama.

"Dada, umebeba mutoto?" kijana akauliza.

"Nimebeba kazi yangu ya kumaliza masomo."

"Basi ni mutoto. Iko na miezi ngapi?"

"Tisa imepita zamani," Amisa akasema, akacheka bila kupenda.

Kijana akatoa taulo. Akapangusa daftari kwanza, jalada mbele na nyuma, kisha kona zote nne. Ndipo akamkumbuka binti anayechuruzika maji mlangoni. Binti mwingine angenuna. Amisa alimpenda palepale, ingawa ilimchukua wiki tatu kukubali hivyo.

Kijana aliitwa Lukumani, mtu wa Kabambare. Wanafunzi wa Kasongo walimpelekea kazi walizoandika kwa mkono, naye alizipiga kwa mashine na kuzijalidi. Wengi walimwachia daftari wakaenda zao. Amisa hakuacha chake hata siku moja. Kila alasiri alikaa pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, na kumsomea kwa sauti, maana maandishi yake, tuseme ukweli, yalikuwa kama kuku aliyekanyaga wino.

Kazi yenyewe ilihusu ufundi wa michezo ya kuigiza ya zamani na riwaya kubwa walizosomeshwa. Katika mchezo, alisema Amisa, watazamaji hujua siri ambayo mpenzi mwenyewe haijui, ndiyo maana hukaa roho juu. Katika riwaya, msimulizi huingia moyoni mwa mtu bila kubisha. Na msomaji asiyetaka kudanganywa lazima aulize maswali matatu: nani anasema? Anamwambia nani? Na huyo anayesema anajua nini?

"Na hii ya kusema pembeni, ni nini?" Lukumani aliuliza siku moja, vidole vikiwa juu ya herufi.

"Mutu anageuka upande, anasema ya moyoni. Watazamaji wanasikia, lakini mwenzake kwenye jukwaa hasikii."

"Hata kama wako karibu namna hii?"

"Hata kama. Ni mapatano."

Lukumani akaigeukia mashine ya kuchapa. "Mama Mashine," akaiambia, "huyu dada ananimaliza. Kila siku ninaomba mvua."

Amisa akatazama bati la juu kana kwamba anahesabu misumari. Kisha naye akageukia mashine. "Mama Mashine, ambia huyo kijana aendelee na ukurasa wa kumi na mbili. Na umuambie, hata bila mvua nitakuja."

Basi wakapendana hivyo, mchana kweupe, Mama Mashine akiwa mshenga wao. Jioni ilikuwa zamu ya simu.

"Amisa wangu, umefika?"

"Nimefika, mpenzi. Umeacha makosa mbili ukurasa ya makumi tatu."

"Hii njo mapenzi ya Kasongo?"

"Ndiyo, njo hii. Sahihisha."

Siku moja alimuuliza: "Na akili yote hii, juu ya nini uliacha masomo?"

"Nyumbani tulikuwa wawili," Lukumani akajibu, "na kiti ya shule ilikuwa moja tu." Akarudi kwenye kompyuta yake. Amisa akaona ameguswa penye kidonda, akanyamaza. Angeuliza ni nani aliyekalia kile kiti, angejiokolea machozi mengi. Lakini heshima nayo ina hasara zake.

Ukurasa mmoja tu ulibaki: ule wa tabaruku, ambao wanafunzi huuita dédicace. Kasongo nzima ukimpa mtu kazi ya mwanafunzi, hafungui sura ya kwanza. Anafungua dédicace atafute jina lake. Shangazi wamewahi kununiana miaka miwili kwa sababu ya ukurasa huo. Amisa hakutaka kuharakisha.

"Uniachie ile ukurasa mutupu," alimwambia Lukumani. "Nitaijaza kwenye kopi za mwisho, nikisha kutetea kazi."

Jumatatu ya kuwasilisha kazi, simu ilitoka Kabambare: mama yake Lukumani ameanguka. Lukumani alimalizia haraka kuchapa na kujalidi nakala tano za buluu, na ya sita ya Amisa mwenyewe. Alimtia zote mikononi, akamwambia "Unisamehe, mpenzi, unisamehe," akapanda pikipiki. Amisa akakimbia chuoni kabla ofisi haijafungwa. Hakufungua hata moja.

Jumatano akaitwa na mwalimu wake, Chef Hippolyte kama wanafunzi walivyomwita, mtu mwenye miwani na maneno machache. Alikuwa na nakala ya buluu mezani.

"Kaa, mademoiselle. Unisomee hapa."

Amisa akasoma. Ulikuwa ukurasa wa dédicace, na haukuwa mtupu. Kwa Kifaransa kizuri uliandikwa: *Kwako Lukumani. Kila ukurasa humu ni jasho lako. Bila wewe nisingeandika hata mstari mmoja.* Chini palikuwa na mistari mingine, lakini macho yake yalikataa kushuka.

"Lukumani ni yule wa mashine, pale sokoni?"

"Ni yeye, Chef."

"Alikuandikia kazi?"

"Hapana! Kila neno ni langu!"

"Karatasi inasema namna ingine." Chef Hippolyte akavua miwani. "Miaka tatu ninakufundisha, na ninataka kukuamini. Lakini juri ya watahini haitaki imani, inataka kitu ya kushika mukononi. Jumatano ijayo ulete maelezo, ao kazi itakataliwa."

Amisa alitoka nje kwa hasira, akiwa tayari anapiga simu Kabambare. Kwake jambo lilikuwa wazi: Lukumani alijiandikia sifa mwenyewe. Alipewa ukurasa mtupu wa kutunza, akaujaza jina lake. Mara ya tisa simu ikashika.

"Amisa wangu! Mama ameamka, amekunywa uji..."

"Mungu ashukuriwe. Na mimi usiniite wako! Umejiandikia dédicace ndani ya kazi yangu. Jasho lako? Miaka tatu ninalalia kamusi, halafu jasho ni yako?"

Upande wa pili Lukumani akashtuka. "Yaa Rabi. Ile ukurasa. Amisa, ile ni ya Chadia..."

Rezo, mtandao wa simu, ikakatika, nayo rezo ya Kabambare ikikatika, imekwenda zake.

Chadia! Kumbe kuna Chadia. Kumbe kuna binti mwingine aliyeketi kwenye kile kiti cha plastiki, akaambiwa yaleyale kupitia Mama Mashine, na dédicace yake imemwagikia kazi ya mwenzake. Amisa akazima simu. Alilia siku mbili, na kila mama yake alipomuuliza alisema ni moshi wa jikoni. Mama yake alijua, kwa sababu jikoni hakukuwa na moto.

Jumamosi asubuhi machozi yalikuwa yamekwisha. Alinawa uso, akaketi na nakala yake, akajisemea: wewe binti umeandika kurasa sabini kuhusu namna ya kusoma, na ukurasa mmoja wa mistari michache umekushinda? Akasoma wote, pole pole, mpaka chini.

*Ulinyanyuka ili mimi niketi*, ulisema mstari wa mwisho.

Nani anasema? Mtu aliyeketi. Anamwambia nani? Aliyenyanyuka. Anajua nini? Amisa akakumbuka maneno ya Lukumani. Nyumbani tulikuwa wawili, na kiti ya shule ilikuwa moja tu. Chef Hippolyte asingeweza kuujua mstari ule hata angeusoma mara mia. Katika Kasongo yote, ni yeye peke yake aliyeambiwa habari za kiti.

"Ni dada yake," akasema kwa sauti. "Mimi mujinga, ni dada yake, na hii ukurasa imetoka ndani ya kazi yake ya masomo."

Akaenda kwa baba yake, muuza vitambaa, mtu mkali wa uso tu.

"Baba, kesho ninaenda Kabambare na Baraka, kwa pikipiki yake. Iko kitabu kule ya kuokoa kazi yangu."

"Kwa njia ile? Mvua hizi? Hapana."

"Baba, ulinisomesha nisimame. Leo niko nasimama."

Mzee akakunja kitambaa alichoshika. "Mwambie Baraka asikimbize," akasema.

Baraka, binamu yake, hakukimbiza. Njia yenyewe haikukubali. Walisukuma pikipiki kwenye tope jekundu, wakavuka madaraja ya magogo kwa miguu, na jua lilipoegemea magharibi kitenge chake cha kijani kilikuwa na rangi ya barabara. Kwenye ua wa nyumba ya udongo nje kidogo ya Kabambare, Lukumani alikuwa akianua mihogo. Alimwona, ungo ukamtoka mikononi.

"Amisa?"

"Chadia iko wapi?"

"Sikiliza kwanza, mimi..."

"Nimekuuliza dada yako iko wapi. Nina haja na kitabu yake."

Lukumani akakaa chini palepale, katikati ya mihogo. "Umejua."

"Nimejua. Sasa unieleze."

Akaeleza, macho chini. Kila mpiga mashine ana kazi moja ya zamani iliyopangwa vizuri, pambizo na namba tayari. Humwaga maneno ya zamani, akamimina mapya. Yeye alitumia kazi ya Chadia, aliyoandika akisoma chuoni Kindu. "Ninafuta zote. Lakini ile ukurasa ninaacha mpaka mwisho, kila mara. Ni pale tu jina yangu imeandikwa ndani ya kitabu. Ile siku simu ya mama ikalia, nikachapa, nikasahau. Nimepanda kile kilima siku nne kutafuta rezo. Nimekuharibia, Amisa. Nilisema sitarudi tena Kasongo kukutia haya."

"Utarudi. Kesho kutwa, na sisi. Wewe njo shahidi wangu." Sauti ikamlainika bila ruhusa yake. "Na mimi niliwaza mabaya juu yako. Unisamehe."

Chadia, mwalimu wa sekondari, alitoka ndani na kitabu chenye jalada la kijani. Alimtazama mgeni wake kutoka kilemba hadi matope. "Wifi," akasema, "ingia unawe."

Jumatano Amisa alisimama mbele ya juri, nakala ya buluu mkono huu, ya kijani mkono ule. Aliwasomea ukurasa uleule mara mbili, akawaonyesha mwaka uliopigwa muhuri kwenye jalada la Chadia, akamwita Lukumani aeleze kosa lake, naye akalieleza bila kujipunguzia. Kisha Chef Hippolyte akasema: "Nakala tumeona. Sasa tuonyeshe jasho." Wakamuuliza kwa saa nzima, naye akajibu bila kufungua karatasi: kwa nini siri hukaa kwa watazamaji, kwa nini msimulizi hunyamaza panapouma. Alipomaliza, Chef Hippolyte alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Amisa alipita kwa distinction, alama za juu.

Kesho yake alasiri, jua likiwaka juu ya soko, Amisa aliingia kibandani amevaa libaya lile la manjano.

"Leo hakuna mvua," Lukumani akasema.

"Nilisema nitakuja hata bila mvua. Nimekuja juu ya kopi za mwisho."

Lukumani akaigeukia mashine ya kuchapa. Akakohoa. "Mama Mashine, umuulize huyu dada, nikituma wazee kwa baba yake..."

"Mama Mashine amechoka," Amisa akamkata. "Geuka. Unitazame, uniambie mimi."

Akageuka. "Amisa, ninakupenda. Ninataka kukuoa. Nitume wazee?"

"Uwatume Ijumaa, baada ya sala. Baba yangu ameshaanza kuuliza mbona wanachelewa." Akavuta kile kiti cha plastiki, akaketi. "Sasa dédicace. Andika: Kwa Lukumani."

Vidole vikasimama hewani. "Mpenzi, watasema tena. Watasema kazi ni yangu."

"Kazi ni yangu, neno kwa neno, na juri nzima inajua. Kitu yangu njo ninaweza kukupa. Andika."

Akaandika jina lake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na ukurasa ule hakuufuta tena.