Weupe wa Macho ya Farida

Jumatatu ambayo Farida hakuja shuleni, Hilda alifagia darasa kama kawaida. Saa nne, wakati wa uji, ndipo aliposikia kwamba baba yake Farida, Mzee Abdulswamad mwenye duka pale Dongobesh, ameitwa ofisi ya kata. Inasemekana amempiga mtoto mpaka akamvunja mkono.

"Si wewe uliyesema?" Gidion, mwanafunzi mwenzake, alimuuliza huku akilamba kikombe. "Ulisema hata macho yamevilia."

Uji ulimshinda Hilda. Wiki iliyopita, bombani, alikuwa ameona mkono wa Farida umefungwa plasta ngumu ya hospitali na weupe wa macho yake una ubuluu. Farida alimweleza kwamba aliteleza tu mlangoni. Hilda akaona habari hiyo haina utamu, akawaambia wenzake, "Baba yake anampiga. Fimbo nimeiona." Fimbo hakuiona.

Mchana Mzee Abdulswamad alifika shuleni na karatasi ya hospitali. Mwalimu Tluway akamtuma Hilda amletee kiti ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Si wewe rafiki yake Farida?"

Neno hilo lilimuuma kuliko kiboko. "Mwalimu," alisema akitazama sakafu, "ni mimi niliyesema anapigwa. Nilidanganya."

Mwalimu Tluway alisoma karatasi kwanza. "Kwenu kamba ya ndama mnaisokota kwa nyuzi ngapi?"

"Tatu, Mwalimu."

"Uzi mmoja ukiwa na kasoro?"

"Haushikani na wenzake. Kamba inakatika."

"Ndani ya mfupa kuna kamba kama hizo, za protini, nyuzi tatu tatu. Maelekezo ya kuzitengeneza, yaani jeni, tunayarithi kwa wazazi. Ya Farida yana kosa dogo. Nyuzi hazishikani imara, mfupa unavunjika kwa kuteleza tu. Na ubuluu wa macho unatoka huko huko."

"Mama yake alikuwa na macho hayo hayo," alisema Mzee Abdulswamad taratibu. "Tulimzika mwaka juzi."

Hilda alitamani ardhi immeze. Jioni ile alisimama ofisi ya kata mbele ya watu wazima, akakiri uongo wake wote, na mashtaka yakafutwa.

Njiani Mwalimu alimwambia, "Leo umesema kweli, na imekugharimu. Lakini usiyoyaona usiyaseme, Hilda. Uongo ukishatoka, huwezi kuufuata nyumba kwa nyumba."

Farida hakutaka tena kutazamwa na watoto wa Dongobesh. Sasa anasoma Katesh, anakaa kwa shangazi yake.