Wakwe wa Bwawani kwa Kabura

Kila asubuhi, kabla ya kukamua ng'ombe, Kabura alipitia bwawani kuwaamkia samaki wake. Alinyunyiza pumba za mahindi juu ya maji, akasimama kuwatazama. Samaki wa ngege ni walafi. Hawamsubirishi mtu.

Huku Kiminini shamba ni mahindi, na mahindi yalikuwa ya Kagwe, mumewe. Ng'ombe pia walikuwa wa Kagwe, ingawa aliyewakamua ni Kabura. Lakini bwawa lilikuwa la Kabura peke yake. Alilichimba kwa jembe na karai, chini bondeni panapotuama maji. Majirani walimcheka, wakasema mwanamke huyu anataka kutuletea ziwa Trans-Nzoia. Walinyamaza siku alipovua samaki wa kwanza, mpana kama sahani. Baada ya hapo walikuja mmoja mmoja kuomba vifaranga vya samaki, nao waanze mabwawa yao. Kabura aliwapa wote bila kinyongo.

Sasa ilikuwa mwaka wa 2006, na mambo yalikuwa yameharibika. Samaki walikuwa wengi, lakini wadogo kama kiganja cha mtoto. Baadhi walikuwa na mgongo uliopinda. Wengine mkia ulikuwa nusu. Baridi ya Julai ilipofika, kila asubuhi aliwakuta wengine wakielea tumbo juu. Miaka ya kwanza baridi hiyohiyo haikuwatisha.

Kagwe si mtu mbaya, lakini kipande cha ardhi kisichozaa humnyima raha kama jino bovu.

"Mama Ngige, hiyo sasa ni shimo ya mbu," alimwambia Kabura wakinywa chai, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Tukimaliza kuvuna mahindi nitaifukia, nipande nepia. Ng'ombe inataka nyasi."

Kabura aliinuka. Alienda kuosha mikebe ya maziwa, na ilikuwa imeshaoshwa. Katika boma lile, kitu pekee ambacho watu walikiita chake kilikuwa lile shimo.

Hakukaa bure. Aliongeza pumba. Aliongeza samadi ya ng'ombe ili maji yawe ya kijani, yenye chakula cha samaki. Halafu akawaza kwamba labda madume yamezeeka. Akaenda kwa Beth, rafiki yake wa kanisani, akaomba madume mapya kutoka bwawa la Beth. Miezi ikapita. Waliozaliwa walikuwa wadogo vilevile.

Ndipo alipomtafuta afisa wa samaki mjini Kitale. Afisa huyo aliitwa Nelima, mzaliwa wa Bungoma, mama mwenye maswali mengi na haraka kidogo. Alikuja na viatu vya mpira. Kagwe naye alishuka bondeni, mikono nyuma, akitaka kusikia bwawa likihukumiwa.

Nelima aliuliza kuhusu chakula. Aliuliza kina cha maji. Alisema samaki wamebanana, na kwamba hilo peke yake linatosha kuwadumaza, kwa hiyo wapunguzwe. Lakini wavu ulipotolewa, alimchukua samaki mmoja mwenye mgongo uliopinda, akamgeuza mkononi na kumtazama sana.

"Mama, wazazi wa hawa walitoka wapi?"

Kabura alieleza kwamba shemeji yake alimpa wachache tu, wa kuenea kwenye karai moja. Hao ndio waliozaa bwawa zima.

"Na wale wakubwa, huwa unawafanyia nini?"

Hapo Kabura alijibu kwa fahari. Wakubwa kabisa huwa ni malimbuko. Kila Jumapili ya mavuno huwapeleka kanisani, kwa sababu Mungu hapewi makombo. Wanaofuata kwa ukubwa ni wa wageni. Wadogo ndio hubaki bwawani wazae.

"Na maharagwe ya mbegu, unachagua gani?"

"Yale mazuri, yamejaa..." Kabura aliishia hapo. Alikuwa amejisikia mwenyewe. Miaka yote hiyo mbegu nzuri alikuwa anaitoa, na makombo ndiyo aliyoyaacha yawe wazazi.

"Lakini nilileta damu mpya," alisema, akijitetea. "Madume ya Beth."

"Na Beth alianza na samaki ya nani?"

Kabura alitazama maji. Beth alianza na vifaranga vya Kabura. Gladwell, mwenzao wa kanisani, pia. Kila bwawa la kina mama wa kanisa lilitoka hapa.

"Basi hao si wageni," Nelima alisema taratibu. "Hao ni wajukuu, wamerudi kusalimia shosho."

Kagwe alicheka. Nelima hakucheka. Alimgeukia. "Mzee, wewe ng'ombe yako unaiacha ipandwe na baba yake?"

"Aka, siwezi," Kagwe alisema, kicheko kimemkauka. "Ndama itakuwa mbovu."

"Sasa hii nayo ni hivyo. Kwetu Bungoma, kijana akileta msichana nyumbani, kitu ya kwanza wazee wanauliza ni ukoo. Ya baba na ya mama. Zikikutana, hakuna harusi. Samaki haina mzee wa kuuliza. Wewe mama ndio mzee wao."

Kisha alieleza kwa nini. Kila samaki hubeba vitu alivyorithi kwa wazazi wake. Mmoja huvumilia baridi. Mwingine hukua upesi. Mwingine hushinda ugonjwa. Bwawa likiwa na samaki wa damu nyingi tofauti, shida ikija haikosi wa kubaki, na wanaobaki hujaza bwawa tena. Lakini wakiwa wote wa mzazi mmoja, udhaifu wa mmoja ni wa wote.

Kabla ya kuondoka, alionyesha mfereji uliotoa maji bwawani. Maji hayo yalishuka kwenye kijito, na kijito kilienda mto Nzoia. Mdomoni mwa mfereji hapakuwa na wavu.

"Weka wavu hapo, hata leo. Hawa wakitoroka, watazaana na samaki wa mto. Wale wa mto wamejichanganya tangu zamani, wana damu ya kila aina. Bwawa ikiharibika, tunaanza tena. Mto ikiharibika, tutaenda kuomba mbegu wapi?"

Jioni ile Kagwe mwenyewe ndiye aliyefunga wavu. Hakusema lolote kuhusu nepia. Kabura naye hakumkumbusha.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi. Kina mama wengine walikuwa wameshachimba mabwawa, wanangoja vifaranga vyake. Kabura alisimama mbele yao baada ya ibada na kuwaambia wasichukue, kwa sababu alichokuwa akiwagawia kwa upendo kilikuwa kinawarudisha nyuma. Beth alimshika mkono, akauliza watapata wapi basi.

Walipata Matulo, karibu na Webuye, kwa mzee Wepukhulu. Nelima alijua kwamba samaki wa mzee huyo walitoka upande wa Busia, na kwamba hufuga wazazi wengi. Kabura na Kagwe walifika kwake asubuhi, maji yangali baridi, wakiwa na mitungi na kikapu cha viazi.

Wepukhulu alipokea viazi, lakini hakushika wavu. "Ngojeni kwanza," alisema, akikaza uso. "Mimi sitoi vijana yangu hivihivi. Hawa wasichana wenu ni wa ukoo gani?"

"Ya Kiminini, mzee," Kagwe alijibu, naye amekaza uso. "Familia nzuri, ila wameoana sana."

Wazee hao wawili walicheka mpaka Kabura akawakumbusha kwamba jua linapanda.

Nyumbani, Kabura alichimba bwawa la pili, dogo, la wazazi tu. Humo aliweka majike yake yaliyonyooka na kukua upesi, mengi kadiri alivyoweza kupata. Akayachanganya na madume ya Matulo. Wale waliodumaa na kupinda waliishia sufuriani. Akapatana na Beth na Gladwell kwamba wao watatafuta madume kwingine, mbali na Matulo, ili baadaye wabadilishane wageni wa kweli.

Jumapili ya mavuno ya mwaka uliofuata, Kabura alipeleka kanisani samaki wanene, wamenyooka, wamejaza beseni. Baada ya ibada mchungaji alikuja kunywa chai, akaomba kuliona bwawa. Alisimama kando ya lile dogo. Dume moja jeusi, pana, lilipita chini ya maji polepole.

"Hii kubwa hivi, mama, si ndiyo ilifaa kuwa malimbuko?" mchungaji aliuliza, akitabasamu. "Ama tuipike leo?"

Kabura alifungua mdomo kueleza, lakini Kagwe alimtangulia.

"Hapana, mchungaji," alisema. "Huyo ni mkwe ya Mama Ngige. Na hii bwawa ni yake, mimi siwezi guza."